Neti ya dirisha kwanza, mnara baadaye: nilivyopoza kompyuta yangu ya kwanza ya gemu hapa Arua

Kipimajoto nilichotumia ni cha vifaranga. Mama anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yetu hapa Oli, mtaa wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, na kile kipimajoto cha duara anachokitundika karibu na sigiri ya kulelea vifaranga ndicho nilichokiazima mwezi wa Januari, nikakining'iniza kando ya meza ya kompyuta. Saa tisa alasiri, chini ya mabati yasiyo na dari, kilisoma digrii 33. Mama akachungulia mlangoni, akacheka. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka 32 hadi 35, kwa hiyo chumba changu kilikuwa tayari kupokea boksi zima.

Naanzia hapo kwa sababu karibu kila uchambuzi wa vipoza joto, vile vyuma vyenye feni vinavyokaa juu ya prosesa (chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta), nilioutazama kabla ya kununua ulifanywa kwenye chumba cha digrii 20 au 22. Feni haitengenezi baridi. Kile chuma na feni yake vinachukua joto la prosesa na kulimwaga kwenye hewa ya chumbani, basi. Prosesa haiwezi kuwa baridi kuliko chumba ilichomo. Ukisikia mtu wa Ujerumani anapata 70, wewe wa Arua jumlisha kumi kwanza ndipo ufurahi. Halafu kuna mwinuko. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Kampala, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Feni ile ile, kwa kasi ile ile, inabeba hewa pungufu. Si jambo la kukunyima usingizi, ila lilinisaidia kuelewa kwa nini namba zangu hazikufanana na za mtu yeyote.

Kompyuta yenyewe ni ya kawaida: prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya picha RX 6600 iliyotumika, RAM (vijiti vya kumbukumbu) gigabaiti 16 zenye taa na mabega marefu, na kasha jeusi lenye kioo ubavuni na kioo kingine mbele. Nilidunduliza miezi 14 kwa mshahara wa duka la fotokopi. Prosesa niliichagua kwa akili, kadi kwa mfuko, kasha kwa macho. Hilo la macho limenigharimu, nitalifikia.

Vipoza joto nilivifuata Kampala. Sisi nyumbani Kiswahili kilikuja na babu, aliyekuwa mwanajeshi, na mtu akikizungumza Kampala anaitwa mwanajeshi pale pale.

"Afande, karibu. Unataka ya gemu?" akauliza muuza duka.

Nikamwambia ndiyo. Akashusha boksi kubwa: kipoza joto cha maji, rejeta ya milimita 240, feni mbili za rangi zote za upinde wa mvua. Shilingi laki nne na themanini za Uganda. "Gemu bila maji haiendi, afande." Nikamuuliza prosesa yangu inatoa joto kiasi gani hata ihitaji rejeta. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mama mkwe wake.

Jibu ni hili. Ryzen 5 5600 imeandikwa wati 65, na ikibanwa sana inafika kama wati 76. Hiyo ni balbu moja ya zamani, zile za waya zilizokuwa zikiunguza vidole. Balbu moja haihitaji pampu, mipira miwili na rejeta. Kama una Core i9 zile zinazomeza hadi wati 250, au Ryzen 9 unayoifanyisha kazi ya video mchana kutwa, hapo maji yana hoja na sitabishana nawe. Kwa mashine ya kwanza ya mtu wa mshahara wangu, maji ni mapambo.

Tena mapambo yenye umri. Maji ya mle ndani hupotea taratibu kupitia kwenye mipira, miaka ikipita, na vingi vya aina hiyo havijatengenezwa ili uviongeze maji. Pampu ikifa, umekwisha, na dukani ni safari ya usiku mzima kwa basi kupitia Karuma. Mnara wa hewa, yaani kipoza joto kirefu cha mapezi ya chuma kinachotumia feni bila maji, ukifa feni, natafuta feni yoyote ya milimita 120, hata kama nitaifunga kwa waya wa kufungia uzio. Chuma chenyewe hakifi.

Nikaondoka bila kitu. Nikarudi Arua nikaanza na kile kipoza joto cha bure kinachokuja ndani ya boksi la prosesa, Wraith Stealth. Ni kipande cha alumini chenye mapezi, feni juu, hakina hata mrija mmoja wa shaba wa kubebea joto. Silaumu, kwa chumba cha watu wa baridi kinatosha kabisa. Kwangu, dakika kumi za Cinebench, programu ya kuibana prosesa kwa majaribio, ziliifikisha digrii 90. Hicho ndicho kikomo ambacho AMD wenyewe, watengenezaji wake, wamekiweka kwa chipu hiyo, na ikifika hapo haiungui, inajipunguza kasi yenyewe. Kwenye gemu ya mpira ilikaa 82. Kelele sasa! Feni ilivuma kama kinu cha mahindi cha jirani siku ya soko, na kila goli likiingia ilipanda sauti kana kwamba nayo inashangilia.

Kwa hiyo niliagiza kwa simu Thermalright Assassin X 120 Refined SE. Laki moja na elfu sitini na tano, pamoja na elfu kumi za kupakiwa kwenye basi pale Arua Park, ule mtaa wa Kampala uliobeba jina la mji wetu. Asubuhi nikaupokea, boksi halina hata kovu.

Kwa nini huo? Rula. Kasha langu linasema kipoza joto kisizidi milimita 160 kwa urefu. Kaka yake mkubwa, Peerless Assassin 120 SE, ana minara miwili na mirija sita, na ndiye anayesifiwa na kila mtu. Ana milimita 155, kwa hiyo kwenye karatasi anaingia. Lakini feni yake ya mbele inakaa juu ya RAM, na RAM zangu ndefu zingeisukuma juu kama milimita nane. 155 inakuwa 163, na kioo cha ubavuni hakifungi. Huu niliouchukua una mnara mmoja, mirija minne ya shaba na milimita 148, feni yake haiigusi RAM. DeepCool AK400 ni wa ukoo huo huo, mirija minne pia, milimita 155. Ningeukuta wa bei nafuu ningeuchukua bila kujiuliza. Noctua NH-D15 ni bora kuliko yote hiyo, hakuna ubishi, ila ina milimita 165, uzito wa gramu 1,320 pamoja na feni zake, na bei ya mbuzi wawili. Mimi mbuzi sina.

  

Sasa niingie kwenye siku niliyotaka kulia.

Ilikuwa Jumapili. Nililaza kasha mezani, nikafungua skrubu nne za kile kipoza joto cha zamani, nikakishika kwa vidole viwili na kukivuta juu. Hakikuja. Nikavuta zaidi. Pakasikika mlio mdogo, kama kizibo cha chupa, na kipoza joto kikatoka mkononi mwangu na prosesa imeng'ang'ania chini yake. Wenzo wa kuifunga ulikuwa bado umefungwa! Pesti, ule ute wa kupitisha joto unaopakwa kati ya prosesa na kipoza joto, ilikuwa imekauka ikawa gundi. Prosesa za AM4, aina ya soketi inayotumiwa na yangu, zina pini chini, 1,331, nyembamba kama ndevu za mtoto wa sekondari, na tatu za pembeni zilikuwa zimelala.

Mdogo wangu wa kike alishika tochi ya simu. Nilichukua penseli ya kubonyeza, nikatoa risasi yake, lile tundu la ncha likabaki tupu. Unalivisha kwenye pini iliyolala, unainua taratibu, unasimama, unatazama mstari kwa upande kama fundi muashi anavyotazama kuta, unainua tena.

"Kaka, unapumua?"

Sikuwa napumua. Ilichukua saa mbili. Mwisho niliiachia prosesa juu ya tundu zake, ikazama yenyewe kwa uzito wake bila kusukumwa, na hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni.

Kwa hiyo wewe usivute. Cheza gemu dakika kumi kwanza ili pesti ipate joto na kulainika, zima, chomoa umeme, fungua skrubu, halafu zungusha kipoza joto kushoto na kulia kama unayefungua kifuniko cha mtungi wa achari. Kikianza kuteleza, ndipo uinue. Wenye AM5, soketi mpya zaidi, mna bahati: pini ziko kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na chipu imebanwa na fremu ya chuma, kwa hiyo haiwezi kufuatana na kipoza joto. Na jambo jingine, lile bamba la nyuma ya mazabodi linashikiliwa na skrubu hizo hizo. Kasha likiwa limesimama, bamba linaanguka nyuma na utalitafuta kwa lugha mbaya. Laza kasha.

Kuufunga mnara wenyewe kulikuwa kwepesi. Unatumia bamba lile lile la mazabodi, unapachika vyuma viwili, tone la pesti la ukubwa wa punje ya kunde katikati, unakaza skrubu mbili kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Pesti ya zamani niliifuta kwa spiriti na kitambaa cha miwani. Kuna karatasi ya plastiki chini ya chuma, itoe. Waya za kubania feni, kama za minara yote ya namna hii, zinataka kidole gumba chenye subira na zitakukwaruza.

Nikawasha. Chumba 33, Cinebench 81, gemu 74. Kelele imekwisha. Ni nafuu, lakini mbona si kubwa kama walivyosema? Mirija minne, mapezi yale yote, na bado nimepungukiwa digrii tisa tu?

Dada yangu ndiye aliyeleta chetezo. Alikuwa anafukiza nguo za Ijumaa, nikamwomba akipitishe mbele ya kasha. Moshi wa udi unaonyesha hewa kuliko programu yoyote. Kwanza ulinionyesha upumbavu wangu: feni ya mnara niliifunga kinyume, hewa ya moto inasukumwa mbele badala ya nyuma. Feni inatoa hewa upande wenye zile mbavu za fremu. Ukikumbuka hilo huhitaji udi. Nikaigeuza. Kisha akapitisha chetezo mbele ya kile kioo kizuri cha mbele, na moshi ukapanda moja kwa moja hadi kwenye mabati kana kwamba nyuma yake hakuna kitu. Feni mbili za mbele zilikuwa zinazunguka kwa bidii na kuvuta hewa kupitia nafasi ya pembeni isiyopitisha hata kidole. Kompyuta yangu ilikuwa inapumua kwa mrija wa soda.

Niling'oa kioo. Chumba kile kile, 33: Cinebench 72, gemu 66. Na kadi ya picha, ambayo sikuwa nimeiwaza hata kidogo, ikashuka kutoka 83 hadi 73.

Hapo ndipo akili ilipokaa sawa. RX 6600 inakula wati 132, karibu mara mbili ya prosesa, na mnara wa prosesa hauisaidii kadi kwa lolote. Inavuta hewa iliyomo ndani ya kasha. Ikiwa hewa hiyo imechemka, itajipoza kwa supu. Sisi tunaojenga mara ya kwanza tunakaa wiki tatu tukilinganisha minara, tunanunua kasha kwa dakika tano kwa kuwa lina kioo. Mimi ningeanza na kasha lenye uso wa matundu, hata kama ni baya kama debe, na kipoza joto cha bure kingenivusha hadi mwezi ujao.

Lakini huwezi kuacha kasha wazi Arua. Kuanzia Desemba hadi Februari vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari, na mimi nina manyoya ya kuku juu yake. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua mita moja ya neti ya dirisha ya kuzuia mbu, ile ya kijivu, elfu nane. Nikaikata kwa mkasi kwa kipimo cha uso wa kasha, nikaibandika kwenye fremu ya kile kioo kwa utepe wa gundi wa pande mbili, kioo chenyewe kiko juu ya kabati kimelala. Neti ilinirudishia digrii mbili: Cinebench 74, gemu 68, kadi 75. Nimezikubali. Feni mbili zinaingiza mbele, moja inatoa nyuma. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, ile ya ziada inatafuta nyufa na kutokea nje, kwa hiyo vumbi halipati mlango ila kwenye neti, na neti naiosha bombani kila Jumamosi. Ukigeuza hesabu, kila tundu la skrubu linakuwa pua.

Bure kabisa kuna kitu kingine ambacho hakuna muuza duka atakayekuambia. Kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio unayoifungua kompyuta ikiwaka, kuna Eco Mode, yaani kuibana prosesa itumie umeme kidogo, wati 45. Niliiweka, Cinebench ikashuka hadi 63, na kwenye gemu ya mpira sikuona tofauti kwa jicho langu. Siku za joto kali naiacha hapo. Siku za mvua naiondoa, kwa ajili ya kujisikia tu.

Usafi wa ndani, tahadhari moja. Usiipeleke kompyuta kwa vijana wa pancha wanaojaza upepo boda. Wazo lilinijia, nikaenda, bahati nzuri nilijaribu bomba kwenye kiganja kwanza: kikatoka na matone ya maji na harufu ya oili. Ile kompresa inahifadhi maji tumboni. Tena upepo wake unaweza kuzungusha feni kwa kasi ambayo beringi zake hazikuumbiwa. Mimi natumia brashi laini ya rangi, na nashika pangaboi kwa kidole ninapopuliza.

Basi mnara? Naupenda. Kwa bei yake, kwa prosesa ya wati 65, chini ya mabati, sina cha kuudai. Wewe mwenye Ryzen 7 5700X utauhitaji zaidi yangu kwa sababu boksi lake haliji na kipoza joto. Mwenye RAM fupi na kasha pana aongeze elfu kadhaa achukue ule wa minara miwili. Na anayehamisha mashine yake kwa basi, hata kama mnara ni mwepesi, autoe kwanza na kuubeba mkononi. Kati ya Karuma na hapa kuna matuta ambayo dereva huyaona baada ya kuyapita. Ila yote hayo nayasema kwa aliyekwisha hakikisha kwamba hewa inaingia. Kama uso wa kasha lako ni kioo, elfu nane za neti zitangulie.

Juzi usiku, mvua ilinyesha na baridi ikashuka, nilikuta boksi la katoni nyuma ya meza yangu lina vifaranga wawili dhaifu, wamelala mbele ya feni ya kutolea hewa, wamefumba macho. Mama alisema mkaa umepanda bei na huku kuna joto la bure. Sikubishana. Nilimwomba tu asije akalihamishia boksi upande wa mbele, maana huko ndiko hewa inakoingia, na neti nilikuwa nimeiosha asubuhi ile ile.